Ndege mvumaji kwenye kilishio cha uani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili aliyeko Marekani au Canada ambaye siku moja amesimama jikoni, akaona kitu kidogo cha kijani kinaelea hewani nje ya dirisha, kikamtazama, kikatoweka. Wengi hudhani ni mdudu, kumbe ni ndege mvumaji, anayeitwa hummingbird kwa Kiingereza. Maswali mengi hapa yanahusu kilishio, yaani chombo cha maji ya sukari unachomtundikia nje aje kunywa. Mimi naishi Ohio, kwa hiyo majibu yameegemea majimbo ya mashariki, ila nimewagusa wa magharibi pale mambo yao yanapotofautiana na yetu.

Huyu si yule chozi wetu wa nyumbani?

Siye, wala hawana undugu wa karibu. Chozi unaowaona Tanga, Machakos au Goma wakinyonya maua ya mshubiri na ya mgomba wako karibu zaidi na shomoro kuliko na ndege mvumaji. Ndugu wa mvumaji ni teleka, wale weusi wenye mabawa ya mundu wanaozunguka juu ya mapaa jioni. Kinachowafananisha chozi na mvumaji ni kazi: wote wawili wanatafuta mbochi, yale maji matamu ya ndani ya maua, na kazi hiyo inadai mdomo mrefu mwembamba.

Ukitaka kuwatofautisha, angalia miguu. Chozi kwa kawaida hutua kwanza, akashika shina, ndipo akainama kunywa. Kuelea anajua, lakini si kwa muda mrefu. Mvumaji hunywa akiwa hewani, hurudi kinyumenyume, hupanda wima, hugeuka palepale alipo, na miguu yake ni ya kushikia kijiti tu. Kutembea hawezi kabisa.

Leo hii ndege wavumaji wote, aina zaidi ya 350, wanaishi katika mabara ya Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini ya Chile na Argentina. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 2004 mtaalamu Gerald Mayr alitangaza visukuku vya mvumaji wa miaka milioni 30 hivi iliyopita, na vilipatikana kusini mwa Ujerumani. Kwa nini walitoweka Ulaya ni swali la siku nyingine.

Nilipo mimi nitamwona yupi?

Ukiwa mashariki ya mto Mississippi, jibu ni rahisi: anayezaliana huko ni mmoja tu, mvumaji koo-jekundu, Archilochus colubris. Uzito wake ni gramu 3 hivi, na sarafu ya senti moja ya Marekani ina gramu 2.5. Ukiwa Minneapolis, Columbus, Atlanta au Toronto, ndiye huyo huyo.

Wa Dallas na maeneo ya jirani mna wawili: koo-jekundu na mvumaji kidevu-cheusi. Wa Denver mna yule mwenye mkia mpana, ambaye dume lake husikika kabla halijaonekana, maana mabawa yake hutoa mlio mkali wa kama chuma akiruka. Seattle, Portland na California ni nchi ya mvumaji wa Anna, anayekaa mwaka mzima, na majira ya kuchipua hupita mvumaji wa rangi ya kutu, Selasphorus rufus, akielekea hadi Alaska. Wenye bahati kuliko sisi wote ni wa kusini-mashariki mwa Arizona. Kwenye mabonde ya huko, kama Ramsey na Madera, mtu anaweza kuona aina nyingi ambazo mimi nitaishia kuzitazama picha tu.

Nitundike kilishio lini?

Wiki moja au mbili kabla hawajafika. Pwani ya Ghuba ya Mexico huanza kuonekana mwishoni mwa Februari na Machi. Ohio ni mwishoni mwa Aprili. Minnesota subiri mwanzoni mwa Mei. Madume hutangulia ili wakamate eneo, majike hufuata siku kadhaa baadaye. Ukichelewa usihuzunike: hata ukitundika Julai watakuja, tena Agosti ndiyo huwa na msongamano kuliko miezi yote, kwa sababu makinda ya mwaka huo yameshaanza kuruka na wasafiri kutoka kaskazini wameanza kupita.

Maji ya sukari yanachanganywaje?

Sukari nyeupe ya kawaida sehemu 1, maji sehemu 4. Yaani robo kikombe cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Basi.

Kipimo hiki kinakaribia utamu wa maua mengi wanayoyapendelea wenyewe, ndiyo maana hakuna sababu ya kukichezea. Kuna watu wanaongeza sukari wakiamini ndege atarudi zaidi. Chai ya nyumbani kwetu ndiyo inayotuponza hapo. Maji yakizidi utamu yanakuwa mazito, na siku ya joto ndege anahitaji maji pia, si sukari tu.

Kuchemsha si lazima kama utayatumia mara moja, maji ya moto ya bomba yanatosha kuyeyusha. Lakini ukitaka kutengeneza mengi, chemsha kidogo, yaache yapoe kabisa, tia kwenye friji, na uyatumie ndani ya wiki moja. Kamwe usitie yakiwa ya moto kwenye kilishio.

Na ile rangi nyekundu wanayouza madukani?

Achana nayo. Ndege anavutwa na wekundu wa kilishio chenyewe, na vilishio karibu vyote vina kifuniko au maua ya plastiki mekundu. Rangi ndani ya maji haimpi lishe yoyote, ila inapita kwenye mwili wa gramu 3 siku nzima. Pakiti za unga mwekundu zenye picha nzuri ni sukari ileile iliyotiwa rangi, kwa bei mara kadhaa ya mfuko wa sukari ulio kabatini kwako. Nina kinyongo kidogo na watengenezaji wake, nakiri.

Asali je? Si ndiyo kitu cha asili zaidi?

Kwa nyuki, ndiyo. Asali ikichanganywa na maji na kuachwa juani huchacha haraka na kuotesha kuvu, na kuvu huweza kumpa ndege ugonjwa wa kinywani unaomzuia kula. Sukari ya kahawia na sukari guru nazo hapana, kwa sababu zina madini ya chuma mengi kuliko mwili wake unavyoweza kuhimili. Vitamu bandia havina nguvu yoyote ndani yake, kwa hiyo unamshibisha njaa. Sukari nyeupe ya miwa au ya kiazi-sukari, zote sawa.

Watapata kisukari?

Hapana. Kiwango cha sukari katika damu yao ni cha juu kiasi ambacho kwa binadamu kingekuwa dharura ya hospitali, na kwao ndio uzima. Misuli ya mabawa huchoma sukari ileile aliyoinywa muda mfupi uliopita.

Ninunue kilishio cha aina gani?

Kinachofunguka chote. Nalisema hili kwanza kwa sababu dukani utavutiwa na vioo vya rangi vilivyopindwa kama mtungi wa marashi, vizuri mno, ambavyo brashi haiwezi kuingia. Mwezi mmoja tu ndani yake kunaota weusi usiotoka.

Aina kuu ni mbili. Ya kwanza ni chupa iliyogeuzwa, maji yakishikiliwa na msukumo wa hewa ya nje, na hewa kidogo ikiwa imenaswa juu yake. Ina raha yake: ndege akinywa, kiputo kinapanda ndani ya chupa, na ukikaa karibu unakisikia. Lakini jua likiipiga, hewa ile hutanuka na kusukuma maji nje, yanadondoka, sisimizi wanapata habari. Ya pili ni sahani yenye kifuniko, maji yakiwa chini na matundu juu. Haidondoki, nyigu hawayafikii maji kwa urahisi, na kuiosha ni dakika mbili. Ningekuwa nashauri mtu mmoja tu asiye na subira, ningemwambia sahani.

Kama unaanza, chukua kidogo. Kilishio cha lita nzima kwa ndege wawili maana yake ni kumwaga sukari kila siku ya pili.

Nioshe mara ngapi?

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, na ndipo penye uzito wote wa shughuli hii. Kununua na kutundika ni kazi ya nusu saa. Kuosha ni kazi ya miezi mitano.

Joto likiwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, kila siku nne au tano inatosha. Likifika 25 hadi 30, kila siku mbili au tatu. Likipita 32, kila siku. Usisubiri maji yaishe. Swali si yamebaki kiasi gani, bali yamekaa muda gani.

Tazama kwa karibu. Inua kilishio hadi usawa wa jicho na mwanga nyuma yake. Maji mazuri ni angavu kabisa. Yakianza kuwa na ukungu kama maji ya mchele, au ukaona nyuzi nyeupe zinaelea, yameshaharibika. Kisha angalia ndani ya matundu ya kunywea, pale mdomo unapopita: vidoadoa vyeusi ni kuvu, na ndivyo vinavyopitwa na wengi kwa sababu chupa yenyewe inaonekana safi.

Kuosha kwa kawaida: maji ya moto, brashi ya chupa, na brashi nyembamba ya matundu, hata mswaki wa zamani. Siki nyeupe kidogo inasaidia. Sabuni unaweza, mradi usuuze hadi harufu iishe. Kukiwa na kuvu, loweka saa moja katika lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha mezani cha jiki, suuza sana, acha kikauke chote kabla ya kujaza. Na tafadhali, jiki na siki zisikutane hata siku moja kwenye ndoo moja, mvuke wake ni sumu kwako wewe mwenye nyumba.

Kama ratiba yako ya kazi ni zamu mbili kwa siku na huoni utaosha lini, usitundike. Panda ua moja jekundu kwenye chungu. Ua halihitaji brashi.

Naishi ghorofa ya tatu. Inawezekana?

Inawezekana. Soma mkataba wa nyumba kwanza, maana baadhi ya wenye majengo hawataki kitu chochote kining'inie kwenye roshani. Vipo vilishio vidogo vinavyobandikwa kwenye kioo cha dirisha kwa vikombe vya kunyonya, na hivyo huwa havina ugomvi. Chungu cha maua mekundu ya salvia kando yake kitawasaidia kukuona.

Kwa wenye ua: tundika penye kivuli cha mchana, karibu na kichaka au mti ambao ndege atatua kupumzika, na mahali ambapo wewe mwenyewe utaona bila kuinuka kitini. Kuhusu madirisha, weka karibu sana, chini ya mita moja, au mbali sana, zaidi ya mita tisa. Kwa karibu hana nafasi ya kupata kasi ya kujiumiza. Umbali wa kati ndio unaoua, kwa sababu anaona miti kwenye kioo na kuikimbilia.

Nimetundika wiki tatu sasa, hajaja hata mmoja.

Umebadilisha maji katika wiki hizo tatu? Anza hapo. Pili, Juni huwa kimya hata kwa wenye uzoefu, kwa sababu majike yameatamia na maua ya porini yamejaa. Tatu, labda wanakuja na huwaoni: anafika, anakunywa sekunde chache, ameondoka. Funga utepe mwekundu kwenye waya, kaa na kikombe chako asubuhi mapema au saa moja kabla ya kuchwa, ndipo wanapokula zaidi.

Dume mmoja anawafukuza wengine wote. Nifanye nini?

Hili ndilo lalamiko la kila kiangazi. Yupo mmoja amekaa juu ya tawi kavu, kichwa kinageuka huku na huku. Mwingine akisogea tu, anashuka kama mshale, milio ya haraka haraka, wanapaa wakizungukana hadi juu ya paa, kisha anarudi kwenye tawi lake. Hanywi hata tone. Analinda.

Kwake yeye hilo ni jambo la maana. Porini ua likishanyonywa huchukua muda kutoa mbochi tena, kwa hiyo kichaka kimoja cha maua hakitoshi ndege watatu. Hajui kwamba wewe una kilo tano za sukari ndani. Pia usidhani ni madume pekee: majike hulinda vilevile, na yule wa rangi ya kutu wa magharibi, kwa ukali, sijui kama ana mpinzani.

Suluhisho la kwanza ni kuweka vilishio viwili au vitatu mahali ambapo akiwa kwenye kimoja hakioni kingine: kimoja mbele ya nyumba, kingine nyuma. La pili ni kinyume chake, nalo hufanya kazi Agosti wanapokuwa wengi: vikusanye vingi pamoja, hadi mlinzi azidiwe. Akimfukuza mmoja, watatu wanakunywa nyuma yake.

Kumwondoa au kumtisha hakusaidii. Kesho atakuja mwingine mwenye tabia ileile.

Nitajuaje dume na jike?

Kwa koo-jekundu, dume mzima ana koo linalowaka, jike ana koo jeupe na ncha nyeupe kwenye mkia. Lakini ule wekundu si rangi iliyopakwa kwenye manyoya; unatokana na jinsi manyoya yalivyojipanga na kurudisha mwanga. Mtazame akiwa ubavu na koo ni jeusi tii. Akigeuza kichwa kidogo kukuelekea, ghafla linawaka, kisha linazima. Ndiyo maana watu hunieleza wamemwona "mwenye koo jeusi" hapa Ohio.

Mwezi wa Agosti mambo huchanganyika, maana madume machanga bado wana koo jeupe kama mama zao, pengine na unyoya mmoja au miwili tu iliyoanza kumeta.

Anakunywaje kwa kasi hiyo? Ananyonya kama mrija?

Ndivyo vitabu vilivyokuwa vikisema kwa muda mrefu, kwamba ulimi hupandisha maji kama mrija mwembamba. Mwaka 2011 Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega wa Chuo Kikuu cha Connecticut walionyesha kwa video za kasi kuwa sivyo. Ulimi umegawanyika ncha mbili zenye nyuzi pembeni. Ukiingia ndani ya maji ncha zinafunguka, ukitoka zinajifunga na kuyanasa. Hurudia hivyo mara nyingi kwa sekunde moja. Kwa siku nzima anaweza kunywa mbochi yenye uzito kuzidi mwili wake mwenyewe.

Hata hivyo sukari si chakula kamili. Protini anaipata kwa wadudu wadogo na buibui, ambao huwadaka hewani au kuwachukua kwenye utando. Makinda hulishwa hao hasa. Kwa hiyo ukipulizia dawa ya wadudu bustani nzima huku umetundika kilishio, unampa chai na kumnyima ugali.

Asubuhi nimemkuta ananing'inia kichwa chini, hasogei. Amekufa?

Yawezekana hajafa. Usiku wa baridi, ili akiba yake isiishe kabla ya alfajiri, ndege huyu hujizima: joto la mwili hushuka sana, moyo ambao mchana hupita mapigo 1,000 kwa dakika hupungua mno, na kwa nje haonyeshi uhai. Kuamka kunaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Mwache, mfukuze paka, subiri jua lipande. Kama yuko chini na kuna hatari, mtie kwenye boksi dogo lenye kitambaa na matundu ya hewa, kisha piga simu kwa kituo cha kuhudumia wanyamapori cha eneo lako.

Ameingia gereji na hatoki.

Hutokea sana. Ule mpini mwekundu wa kamba ya kufungulia mlango wa gereji unamvuta, na akiogopa hupanda juu tu, hadi kwenye dari, wakati mlango uko chini yake. Zima taa, fungua milango yote, toa magari kama unaweza, weka kilishio au maua mekundu nje ya mlango, ondoka. Ukimkimbiza na ufagio atachoka hadi afe. Akishatoka, funika mpini ule kwa utepe mweusi.

Sisimizi, nyigu na wageni wengine?

Sisimizi: tundika kikombe kidogo cha maji kati ya ndoano na kilishio, hawaogelei. Usipake mafuta wala grisi kwenye waya, yatafika kwenye manyoya. Nyigu na nyuki: tumia kilishio cha sahani, futa matone, hamisha chombo mita moja au mbili, kwani ndege atakipata na nyigu watahangaika kidogo.

Vunjajungu usimdharau. Wale wakubwa hupanda kwenye kilishio, husubiri, na humkamata ndege kweli. Ukimwona, mchukue taratibu umpeleke kichaka kingine.

Kwenye maeneo ya misitu dubu hujua harufu ya sukari, na akishaonja atarudi, hivyo toa kilishio usiku au kishushe kabisa msimu huo. Arizona kusini kuna kisa cha kupendeza: watu huamka na kukuta chombo kitupu, kumbe mwishoni mwa kiangazi popo wanaokula mbochi hupita usiku na kukikausha. Wenyeji wengi huwaachia tu.

Nikikiacha hadi Oktoba, si watakosa kuhama wafe kwa baridi?

Hapana, na uvumi huu umewafanya watu wengi kushusha vilishio wakati vinapohitajika zaidi. Kinachowasukuma kuondoka ni mchana kufupika. Ndege aliyenona ataondoka hata kama umemwekea pishi zima. Madume wazima huanza kuondoka mwanzoni mwa Agosti, makinda hufuata mwisho, kila mmoja peke yake, bila mzazi wa kumwonyesha njia. Kabla ya hapo hula hadi kukaribia kuongeza uzito wao maradufu, kisha wengi wao huvuka Ghuba ya Mexico kwa mkupuo mmoja, kilomita 800 hivi bila mahali pa kutua, kuelekea Mexico ya kusini na Amerika ya Kati.

Kiache wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho. Anayepita amechelewa atakishukuru.

Nasafiri nyumbani wiki tatu mwezi wa Julai. Watakufa njaa?

Hawatakufa. Kilishio chako ni kituo kimoja kati ya vingi, na maua ya porini ndiyo chakula chao hasa. Kishushe, kioshe, uondoke. Kosa ni kukijaza hadi juu na kukiacha kiozee juani. Tofauti iko kwa wa Seattle na Vancouver walio na mvumaji wa Anna wakati wa barafu kali: hapo mwachie jirani funguo na maelekezo, na mwambie akiingize ndani usiku kisigande, akitoe alfajiri.

Kiota chake kikoje?

Upana wake ni sentimita 5 hivi kwa nje, na mara nyingi hutakiona hata kikiwa juu ya kichwa chako. Jike hukijenga peke yake kwa pamba za mimea na utando wa buibui, kisha hubandika nje yake magamba ya kijivu yanayoota kwenye magome, hadi kikaonekana ni nundu ya tawi. Utando ule una faida ya pili: unavutika, kwa hiyo kiota hutanuka makinda wanavyokua. Mayai ni mawili. Huatamiwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani kama wiki tatu. Dume hana msaada wowote, wala haji kutazama. Ukikiona kiota, usikate tawi na usisogeze majani ili upate picha.

Maua gani yatawaleta?

Kitaluni waulize kwa majina ya kisayansi ili usiuziwe kitu kingine: Lobelia cardinalis, Monarda didyma, Lonicera sempervirens, na salvia za aina nyingi. Penye unyevu, Impatiens capensis huota yenyewe na kuchanua wakati wanapojiandaa kusafiri. Angalia sana hiyo Lonicera, kwa sababu ndugu yake kutoka Japani huuzwa pia na huvamia misitu.

Ndugu yangu aliyeko nyumbani Afrika Mashariki, anayesoma haya kwa hamu tu: panda mshubiri wenye maua mekundu, na chozi watakuja bila sukari.

Nimpigeje picha kwa simu?

Usimfuate. Simamisha simu kwenye kitu kisichotikisika, nusu mita kutoka kilishio, anza kurekodi, rudi ndani. Tumia video ya polepole. Mabawa ya koo-jekundu hupiga mara 50 hivi kwa sekunde, na simu ikirekodi picha 240 kwa sekunde unapata karibu picha tano kwa kila pigo, inatosha kuona bawa likigeuka kwa mbele na kwa nyuma. Profesa Harold Edgerton wa chuo kikuu cha MIT, miaka mingi kabla ya simu hizi, alihitaji taa maalumu za kumeta kwa kasi kuyagandisha mabawa hayo.

Naweza kumfuga?

Huwezi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 kuhusu ndege wahamao inakataza kumkamata, kumweka, hata kuchukua kiota chake au unyoya. Canada nayo ina sheria yake. Na wewe mgeni mwenye karatasi zinazosubiri majibu, hili si jambo la kujaribu kwa ajili ya video.

Ni katikati ya Novemba, theluji imeanguka, na kuna mmoja kwenye kilishio changu Ohio. Nimepotea mimi au yeye?

Pengine hakuna aliyepotea. Koo-jekundu wengi wanakuwa wameshaondoka, hivyo mtazame vizuri: mvumaji anayeonekana mashariki wakati huo mara nyingi ni yule wa rangi ya kutu kutoka magharibi, na kila mwaka wachache wao hupita njia ya upande huu. Anavumilia baridi kuliko unavyodhani. Endelea kumwekea maji yasiyoganda, kwa kipimo kilekile. Piga picha ya ubavu, na nyingine ya mkia ukiwa umefunguka, kwa sababu ncha za manyoya ya mkia ndizo wataalamu wanazotazama. Kisha wajulishe watazama-ndege wa jimbo lako. Kuna watu wenye leseni ya kuwavisha pete ndogo mguuni, nao huenda wakaomba kuja uani kwako alfajiri na kitundu chao cha kumnasia. Wakaribishe, na uandae chai.